Floti swichi ya pampu kwenye akwaponiki ya nyumbani: ununue ipi na uifunge wapi

Wadau wa akwaponiki hapa Dodoma, yaani samaki na mboga kwenye maji yale yale yanayozunguka, ukienda hadiwea ukasema nataka floti swichi utapewa ile ya simtanki, boya lenye waya mrefu, na muuzaji wala hatokuuliza unaenda kuifunga kwenye nini. Kabla hujatoa hela jiulize hiyo floti inaenda kufanya kazi gani. Kwenye simtanki inawasha pampu maji yakipungua na kuizima yakijaa. Kwetu sisi ni kinyume kabisa, pampu inazungusha maji kutoka tanki la chini kwenda kwa samaki na mboga muda wote, floti iko pale kuizima maji yakipungua sana ili isiungue. Na huku maji yanapungua kweli, kuanzia mwezi wa 5 mpaka wa 11 hakuna mvua ya maana, jua kali na upepo juu, tanki linashuka hata kama hakuna panapovuja, afu maji ya bomba nayo mtaa wako yanaweza kuwa ya mgao.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ni kupima, sio kununua. Mfumo ukiwa unazunguka kawaida chora mstari kwenye tanki la chini pale maji yanaposhuka zaidi. Kama una masanduku ya kokoto ya kupandia mboga yenye beli saifoni (bomba lenye kofia linalomwaga maji yote lenyewe sanduku likijaa) usiharakishe, sanduku likiwa linajaa maji ya chini yanashuka, likimwaga yanapanda, na ukiwa nayo matatu ipo siku yote yatajaa kwa pamoja, huo ndo usawa wa chini unaoutafuta. Mstari wa pili chora usawa wa kichwa cha pampu. Floti ikate katikati ya hiyo mistari miwili. Ukiiweka juu zaidi pampu itakuwa inawaka na kuzima kila saifoni inapofanya kazi, na utabaki unalaumu TANESCO bure.

Sasa angalia hiyo nafasi ya katikati ina sentimita ngapi. Floti ya waya inahitaji kubembea, pale inapozima na pale inapowasha tena mara nyingi panapishana sm 10 au zaidi, inategemea umeacha waya mrefu kiasi gani kutoka ulipoufunga. Kwenye pipa la lita 200 hizo sm 10 ni kama lita 25 hivi, ila kwenye tanki la IBC (lile la plastiki la mraba la lita 1000 lenye kizimba cha chuma) lililokatwa zinapita lita 100, ni maji mengi hayo kuyaacha yakae tu. Na kwenye pipa kuna pampu, kuna bomba, boya likinasa kwenye bomba likabaki juu basi ujue huna ulinzi wowote. Pipa likiwa dogo mi nashauri floti ndogo ya kusimama, ile yenye kijiti na kiboya chenye sumaku kinachopanda na kushuka humo humo, haihitaji nafasi na inakata palepale ulipoiweka.

Shida ya hiyo ndogo ni umeme. Nyingi zinabeba kama wati 10 tu, nusu ampea, ukiiunga moja kwa moja na pampu ya umeme wa nyumbani kontakti za ndani zinagandana, na zikigandana pampu haizimi tena hata tanki likauke. Iendeshe na rilei ya volti 12 (swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa), floti iamrishe rilei na rilei ndo ibebe pampu. Ile ya waya inabeba pampu yenyewe, ila soma maandishi yake, ikiandikwa 16(8)A namba ya kwenye mabano ndo ya mota, sio ile kubwa. Pampu ndogo ya wati 100 inakula kama nusu ampea, haina neno, ila pampu ya HP 1 inakula ampea 5 mpaka 6 na wakati wa kuwaka inavuta mara kadhaa ya hapo.

Afu waya, na hapa ndo wengi wanapoharibu. Ukipewa floti ya nyaya mbili ya kujazia simtanki, hiyo inaunga umeme boya likiwa chini, kwetu maana yake itawasha pampu tanki likiwa tupu! Unataka inayounga boya likiwa juu na kukata likishuka. Yenye nyaya tatu inafanya zote mbili lakini usiamini rangi, kila kiwanda na mambo yake, weka multimita (kipimo cha umeme) kwenye mlio, ule unaolia nyaya mbili zikiwa zimeungana, inua boya, shusha, chagua jozi inayolia boya likiwa juu.

Usichukue yenye zebaki, ikipasuka samaki wamekwisha na wewe pia huli hiyo mboga. Shaba na mabati ya zinki yasikae ndani ya maji ya samaki, tafuta plastiki au stenlesi. Maji yetu ya visima yana chumvichumvi, ule ukoko mweupe wa kwenye birika utaganda na kwenye kijiti, kitoe nje ukisugue na siki kabla kiboya hakijaanza kukwama. Floti iweke ndani ya kipande cha bomba la inchi 4 lenye matundu chini na juu, mizizi na mawimbi visiisumbue.

Maungio ya nyaya yawe kwenye boksi juu ya tanki, waya ulegee kidogo chini ya boksi ili matone yadondokee pale, na fundi afunge swichi ya earth leakage ya 30mA, ile inayokata umeme ukivuja. Pampu ya hewa usiipitishe kwenye floti, hiyo iwe na umeme wake, ikiwezekana na betri, maana pampu ya maji ikizimwa sato wanabaki wanategemea hewa hiyo tu.

Na kama una boya la bomba la kujaza lenyewe, lifungue maji chini kidogo ya ule mstari wa kwanza ila juu ya pale floti inapokata. Likiwa juu zaidi litajaza wakati maji yako kwenye masanduku, umeme ukikatika yote yanarudi chini na tanki linafurika. Bomba lenyewe litoke kwenye tanki ambalo maji yamekaa wazi siku nzima klorini ipungue, usiliunge moja kwa moja na mita.