Kuboresha ufikivu katika mfumo wa usanifu wa kampuni ya fedha: anza na vijenzi vinavyogusa pesa

Kampuni nyingi za fedha hurekebisha ufikivu, yaani urahisi wa watu wenye ulemavu kutumia huduma, skrini kwa skrini. Lalamiko linakuja, timu inaziba, na toleo lijalo kasoro inarudi palepale. Kama mna mfumo wa usanifu, yaani maktaba moja ya rangi, vitufe na fomu ambayo timu zote huchota humo, kazi ifanyikie huko. Kitufe kikitengenezwa kwenye maktaba, kimetengenezeka kwenye mkopo, bima na uhamisho wa pesa kwa mkupuo mmoja. Kipimo tutakachotumia ni WCAG 2.2, miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa wavuti, kiwango cha AA.

Hatua ya 1: Fuata pesa

Usianze na orodha nzima ya vijenzi (vitufe, fomu na visehemu vingine vya maktaba), utachoka kabla hujafika popote. Fuata safari moja ya mteja, tangu anapoingia hadi anapothibitisha malipo, ukiandika kila kijenzi anachokutana nacho. Vitakuwa vichache: sehemu ya nenosiri, sehemu ya kiasi, ujumbe wa kosa, orodha ya miamala, dirisha la uthibitisho. Bango la matangazo litasubiri.

Hatua ya 2: Rangi

Maandishi ya kawaida yanahitaji utofautishaji wa angalau 4.5:1 na mandharinyuma yake. Maandishi makubwa na mipaka ya sehemu za kujaza, 3:1. Kijivu #777777 juu ya nyeupe kinatoa 4.48:1, kimeanguka. #767676 kinatoa 4.54:1, kimepita. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, kwa hiyo mabishano ya "mbona inasomeka vizuri tu" yamalizwe kwa kikokotoo. Tokeni, yaani jina linalowakilisha rangi kwenye maktaba, ifuate kazi yake, kama vile "maandishi-ya-pili", na kando yake iandikwe mandharinyuma inayoruhusiwa.

Halafu kuna mazoea ya sekta yetu: kijani pesa imeingia, nyekundu imetoka. Asiyetofautisha rangi hizo anabaki na tarakimu tupu. Ongeza neno "Imeingia" au "Imetoka". Alama ya kutoa (-) peke yake haitoshi, maana visoma skrini vingine, yaani programu zinazomsomea asiyeona kwa sauti, huiruka.

Hatua ya 3: Sehemu ya kiasi

Hapa usikimbie. Hiki ndicho kijenzi ambacho sifuri moja ikizidi, mtu ameumia.

Lebo ionekane muda wote. Maandishi ya mfano yanayofutika mtu akianza kuandika si lebo. Kwenye HTML tumia type="text" pamoja na inputmode="decimal", usitumie type="number": kwenye baadhi ya vivinjari, gurudumu la kipanya likiguswa sehemu ikiwa imechaguliwa, kiasi hubadilika kimyakimya. Alama za mkato za maelfu zisiingizwe wakati mtu anaandika, kwani kishale huruka na anayesikiliza kisoma skrini hupotea. Zipange akishatoka kwenye sehemu hiyo, na mkubali "1250000" na "1,250,000" sawasawa.

Ujumbe wa kosa ufungwe kwenye sehemu yenyewe:

```
<label for="kiasi">Kiasi cha kutuma</label>
<input id="kiasi" type="text" inputmode="decimal"
  aria-invalid="true" aria-describedby="kiasi-kosa">
<p id="kiasi-kosa">Kiasi kimezidi salio lako la 85,000.
  Punguza kiasi au chagua akaunti nyingine.</p>
```

Mpaka mwekundu peke yake haumwambii mtu lolote. Na kile kitufe cha "Endelea" kilichofifishwa hadi fomu ikamilike, mimi naondoa huko kufifisha kabisa: mtumiaji wa kibodi mara nyingi hata hakifikii, wala hakuna kinachomwambia kilichokosekana. Acha kibonyezwe, kisha mpeleke kwenye kosa la kwanza.

Hatua ya 4: Nambari zilizofichwa

"•••• 4821" machoni inaeleweka. Masikioni inaweza kuwa "nukta nukta nukta nukta elfu nne mia nane ishirini na moja". Nukta na tarakimu zinazoonekana zifiche kwa aria-hidden (sifa inayokiambia kisoma skrini kiziruke), kisha weka maandishi yasiyoonekana: "akaunti inayoishia na 4 8 2 1". Kijenzi kifanye hivyo chenyewe, kisiachiwe kumbukumbu ya kila msanidi.

Hatua ya 5: Kuingia na muda kuisha

Ruhusu kubandika nenosiri. Najua watu wa usalama watapinga, lakini kuzuia kubandika kunawakwamisha wanaotumia programu za kutunza nenosiri, na kigezo cha 3.3.8 cha WCAG kinataka watu wasilazimishwe kukariri au kunakili kwa mkono bila njia mbadala. Sehemu ya nambari ya uthibitisho iwe moja yenye autocomplete="one-time-code", si visanduku sita.

Muda wa mteja kuwa ndani ya akaunti unapokaribia kuisha, apewe angalau sekunde 20 za kuurefusha kwa kitendo kimoja chepesi. Onyo litangazwe mara moja linapotokea. Kisoma skrini kinachohesabu kila sekunde kinamzuia mtu kusikia kitufe chenyewe.

Hatua ya 6: Uthibitisho

Kigezo cha 3.3.4 kinadai muamala wa fedha uweze kutenguliwa, au ukaguliwe makosa na mteja apate nafasi ya kuyarekebisha, au apitie taarifa zake na kuthibitisha kabla ya kutuma. Kichwa cha dirisha kisiwe "Una uhakika?" bali "Tuma 40,000 kwa akaunti inayoishia na 4 8 2 1". Likifungwa, mtumiaji arudishwe kwenye kitufe alichobonyeza.

Hatua ya 7: Jaribu, kisha toa

Weka kipanya kando, pita safari yote kwa Tab na Enter. Rudia kwa visoma skrini: NVDA au VoiceOver kwenye kompyuta, na TalkBack kwenye simu ya Android. Kuza ukurasa hadi 400%. Zana za otomatiki ziendeshwe kila msimbo wa programu (code) unapoingizwa, ila zinanasa sehemu tu ya kasoro: zitakuambia lebo ipo, hazitakuambia kama inaeleweka. Hilo utalisikia kwa wateja wenye ulemavu wenyewe, na walipwe kwa muda wao.

Unapotoa toleo jipya, tafuta kwenye hazina zote za msimbo nakala za vijenzi vya zamani. Timu iliyonakili sehemu ya kiasi na kuibadilisha kwake haitapata marekebisho haya hata moja, kwa hiyo ipangie tarehe ya kuhamia na mtu wa kuisaidia.