Kabla hujapeleka picha ya babu makumbusho

Ukitaka kuisaidia Makumbusho ya Lamu, au ya mji wako wowote, anza na bibi. Mfunulie albamu, muulize: huyu nani, mtaa gani huu, harusi ya mwaka gani? Andika nyuma ya picha kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza. Wino huweza kupenya hadi upande wa sura. Siwa, yaani baragumu kubwa la sherehe za kale, ile ya shaba ya Lamu na ile ya Pate ya pembe za ndovu habari zake zimeshaandikwa. Za birika la kwenu anazo bibi peke yake. Ukikabidhi kitu, omba hati ya mapokezi. Na kiingilio lipa, hata kama mlangoni kakaa binamu yako.