Kabla hujapanda Orvieto, soma hii kwanza

Wabongo wengi walioko Roma wanaenda Orvieto asubuhi wanarudi jioni, treni inachukua saa moja na ushee tu, basi wanaondoka na ndala. Acha. Ule mji umekaa juu ya mwamba wa volkano wenye kuta wima pande zote, Waetruski, watu wa kale wa Italia, waliuchagua kwa sababu hiyo hiyo, adui apate tabu kupanda, na tabu hiyo utaikuta wewe.

Tiketi ya treni kama ni ya karatasi igonge muhuri kwenye mashine kabla hujapanda. Raba miguuni, mawe ya njiani yanateleza mvua ikinyesha. Stesheni iko bondeni, panda funikula, kile kigari cha reli kinachovutwa kwa kamba kupanda mlima, usijifanye shujaa. Gari usiliingize mjini, kamera zipo na faini itakufuata mpaka nyumbani.

Sasa kile kisima, Pozzo di San Patrizio, hapa nisikilizeni vizuri. Papa Clement VII alikimbilia Orvieto baada ya Roma kuporwa mwaka 1527, akaona huku juu wakizingirwa watakufa kiu, akaagiza kichimbwe kisima, kikaja kuisha 1537 mwenyewe keshafariki. Kina zaidi ya mita 50, na fundi wake, Antonio da Sangallo, aliweka ngazi mbili zinazozunguka bila kukutana, moja ya kushuka moja ya kupanda, ili wanyama wa kubeba maji wasigongane. Akili kubwa. Ila mama mmoja wa kundi letu, magoti yake mabovu tunayajua wote, akaona wenzake wanashuka naye akashuka, Julai hiyo, nje jua linachoma, ndani ubaridi mtamu, anacheka kabisa. Kufika chini anataka kurudi alikotokea, wapi, wanaoshuka ndio wanakuja, yeye avuke kidaraja apande ngazi ya pili, vidato 248, lifti hakuna. Kila penye dirisha kwenye ukuta wa kisima anakaa, jasho limepoa mgongoni, anatetemeka, watu wanampita. Alipotoka hakusema na mtu, chakula cha mchana tulikula kimya kama tuko msibani. Kwa hiyo magoti yakisumbua baki juu ulinde mabegi, hakuna aibu, na anayeshuka abebe kitenge au sweta hata kama ni Agosti.

Kanisa kuu, lililoanza kujengwa 1290, funika mabega. Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo Papa Urban IV aliitangaza akiwa hapo hapo Orvieto mwaka 1264, kwa hiyo ikikaribia mji unajaa, vyumba tafuteni mapema.

Hali ya hewa: kiangazi nyuzi 30 zinapita, msimu wa baridi usiku inakaribia sifuri na ukungu unajaa bondeni. Novemba ni mvua, mwaka 2012 mto Paglia ulifurika huko chini karibu na stesheni, so angalia utabiri. Simu iwe na chaji, maji beba, treni ya mwisho ijue kabla hujaagiza chakula, funikula nayo ina saa zake, ukikuta imefungwa ulizia basi, msishuke kwa miguu gizani na watoto.