Kinga (baiskeli) moja ya lami na makoro: namna ya kuichagua mjini Goma

Anza na nafasi ya tairi. Kiti na pedali utavibadilisha siku yoyote. Upana wa uma unaoshika gurudumu la mbele na wa kadri (fremu) hubaki vilevile. Lami ya kuelekea Sake inakubali tairi karibu yoyote, lakini ukiingia mitaani unakanyaga makoro, mawe ya lava yenye ncha, nayo hayatoboi tu, yanapasua ubavu wa tairi. Tairi ya mashindano ya milimita 25 hubonyea hadi rimu, mpira wa ndani ukabanwa na kutoka na matundu mawili yanayoelekeana. Tafuta ya milimita 38 hadi 45, laini katikati, meno madogo pembeni, ubavu mnene.

Chukua ufunguo wa pembe sita wa milimita 6. Ukiupitisha kati ya tairi na kadri, pande zote na juu, bila kugusa, nafasi inatosha. Usipopita, matope yenye changarawe yatasaga kadri.

Kisha soma namba za ubavuni. Muuzaji akisema “ni 28 tu”, bado hujaambiwa kitu: 40-622 na 40-635 (upana wa tairi, kisha kipenyo cha rimu, kwa milimita) zote huitwa 28, na tairi ya moja haivai rimu ya nyingine. Hata 26 ina mtego huohuo: 559 ni ya kinga za mlimani, 590 ya kinga za zamani za mjini. Ulizia tairi za kipimo hicho kwa wauza vipuri kabla ya kulipa. Zikikosekana, iache.

Kwa breki tunapendekeza diski ya kebo: haili rimu, na kebo hubadilishwa popote. Diski ya mafuta hukamata vizuri zaidi, ila mafuta ya DOT na ya madini hayabadilishani. Ukikosea, raba za ndani huharibika. Ikiwa ni breki za rimu, pitisha kidole mahali raba inaposhika. Pakiwa pamebonyea kama bakuli, rimu imekwisha.

Giya za meno 46/30 mbele na 11-34 nyuma zinatosha milima ya hapa.

Pima cheni: pingili 24 za cheni mpya ni milimita 304.8. Ikivuka 306.5, ibadilishe, ikivuka 307, kagua na meno ya nyuma, kwa kuwa huenda cheni mpya ikayaruka.

Kadri ya chuma ni nzito kidogo, lakini fundi wa kuchomelea anaiokoa. Alumini iliyopasuka usiinunue hata ikiwa imechomelewa vizuri, maana moto hudhoofisha sehemu inayozunguka mshono. Kagua chini ya bomba la chini, karibu na uma: rangi iliyokunjamana ni alama ya ajali.

Kwa mtu wa kilo 70 na tairi ya 40 yenye mpira wa ndani, jaza upepo wa bar 3.5 kwa lami, 2.8 kwa makoro. Nyuma ongeza kidogo, hasa ukibeba mzigo.