Chambua mahindi kabla ya kuyasagisha
Ukinunua mahindi katika maduka ya nafaka ya Nyamakima jijini Nairobi, yamwage kwenye ungo penye mwanga uondoe kila punje iliyovunjika, iliyosinyaa au yenye ukungu wa kijani, kwa maana humo ndimo kuvu wa Aspergillus flavus huacha sumu ya aflatoksini, ambayo moto wa jikoni hauimalizi hata ugali ukiiva vipi. Sumu hiyo ikifika kwenye ini, vimeng'enya vya seli huigeuza kuwa kemikali kali inayonata kwenye DNA, yaani maelekezo ya urithi ya seli, na kuyatia kosa; seli inapogawanyika, kosa hilo huweza kurithiwa na seli mpya na kuzaa saratani miaka mingi baadaye. Kiasi kikubwa huua seli za ini upesi: mwaka 2004 watu 125 walifariki, hasa Makueni na Kitui. Kuchambua hakuondoi sumu yote, lakini huipunguza sana, na kukoboa mahindi yawe muthokoi huipunguza zaidi. Punje ulizotupa usimpe ng'ombe, kwani sumu hupita hadi kwenye maziwa, ambayo wanywaji wake wakubwa ni watoto.