SOMO: Kolibri bila bando, kompyuta moja inahudumia darasa zima

Wakuu, heshima kwenu. Wiki hii nimeulizwa mara sita jinsi ya kuwawekea watoto masomo ya kusomea kwenye kompyuta katika shule isiyo na intaneti, na mara zote sita nimeandika maelezo yale yale kwenye simu. Leo nayaweka hapa yote. Atakayeniuliza tena nitamwelekeza huku.

Kolibri ni programu ya bure ya Learning Equality, shirika la Marekani lisilo la kibiashara, wale wale waliotoa mwaka 2012 KA Lite, programu iliyoleta masomo ya bure ya tovuti ya Khan Academy bila intaneti. Unaiweka kwenye kompyuta moja, nayo inakuwa kabati la video, mazoezi na vitabu. Vifaa vingine vinalifungua kabati hilo kwa kivinjari cha kawaida kupitia Wi-Fi ya rauta. Rauta haihitaji laini wala salio. Menyu zipo kwa Kiswahili.

1. Ukiwa sehemu yenye intaneti, pakua Kolibri kwenye tovuti yao, sakinisha. Ipo ya Windows, Linux na Mac.

2. Ikifunguka mara ya kwanza, chagua matumizi ya kundi, siyo ya mtu mmoja. Tengeneza akaunti ya msimamizi. Nywila iandike kwenye daftari linalokaa shuleni.

3. Ingiza masomo. Masomo yamepangwa kwa chaneli, na ipo ya Khan Academy kwa Kiswahili. Usichukue chaneli nzima. Ile ya Kiingereza peke yake ni makumi ya GB, itamaliza bando na diski kwa pamoja. Ifungue, weka alama kwenye mada unazofundisha muhula huu tu. Kolibri inakuonyesha ukubwa wa ulichochagua na nafasi iliyobaki.

4. Andikisha darasa na wanafunzi. Kwa watoto wadogo, zima sharti la nywila kwenye mipangilio, waingie kwa jina tu.

5. Anwani, yaani namba ambayo watoto wanaandika kwenye kivinjari. Hapa someni taratibu, maana ndipo nilipoanguka.

Ijumaa nilijaribu kila kitu, kikaenda vizuri. Nikaandika anwani ubaoni kwa chaki, http://192.168.1.104:8080, nikamwomba mwalimu wa zamu asiifute. Jumatatu watoto arobaini wamekaa wawili wawili, wameandika namba ile ile, na hakuna hata kifaa kimoja kilichofungua. Kipindi kizima nilizunguka nakagua tahajia za watoto, kumbe kosa lilikuwa langu. Rauta ilizimwa wikiendi, ilipowashwa ikaipa kompyuta namba nyingine. Kuna mtoto aliniuliza kama ameharibu kishikwambi. Hilo swali sijalisahau.

Kwa hiyo:

– Ingia kwenye mipangilio ya rauta, tafuta sehemu ya kuhifadhi namba ya IP (namba ya kifaa kwenye mtandao) kwa kifaa maalumu, uifungie kompyuta yako namba moja ya kudumu. Namba inayotumika sasa utaiona ndani ya Kolibri, kwenye taarifa za kifaa.
– Windows ikiuliza mtandao huu ni wa binafsi au wa umma, sema binafsi. Ukisema wa umma, fayawoli (mlinzi wa mtandao ndani ya kompyuta) inaweza kuvifungia mlango vifaa vingine huku kwenye kompyuta yako kila kitu kinaonekana kizima.
– Watoto waanze na http:// na wamalize na :8080. Wakiandika namba kwa kubahatisha, kivinjari kinaweza kuifanya neno la kutafuta mtandaoni.
– Kwenye simu na vishikwambi vyenye laini, zima data. Android ikiona Wi-Fi haina intaneti inaweza kuhamia kwenye data kimyakimya, na ukurasa haufunguki.
– Zima usingizi wa kompyuta. Ikilala, darasa zima limekatika.

Ukimaliza, zima rauta na kompyuta, washa upya, kisha jaribu kwa vifaa viwili tofauti. Usiwaite watoto kabla ya jaribio hilo.

6. Fundisha.

---

MASWALI YA WANACHAMA

Kisimani: Mkuu nimefuata yote ila haifanyi kazi, msaada tafadhali.

*Jibu:* Kifaa gani? Umekwama hatua ya ngapi? Kimeandika nini kwenye kioo? Bila hayo sina pa kuanzia.

Kisimani: Simu. Inasema tovuti haipatikani.

*Jibu:* Data umezima?

Kisimani: Sasa imefunguka. Asante.

Mzee wa Kazi: Watoto wakitazama video bando linaenda kiasi gani kwa siku?

*Jibu:* Sifuri. Jibu lipo kwenye kichwa cha somo.

Bin Salim: Sioni haja ya mlolongo huu wote. YouTube ina kila kitu, mtoto anatafuta anachotaka.

*Jibu:* Shule ninayofundisha haina intaneti, ndugu yangu, na wazazi wake hawana bando la kugawia watoto arobaini. Hata ingekuwepo, YouTube haitaniambia nani ameelewa kutoa kwa kukopa na nani ametazama tu. Anayeweza njia nyingine aitumie. Mimi naandika kwa walio kwenye hali kama yangu.

Ticha Neema: Mwalimu, shikamoo. Hapo kwenye kuelewa na kutazama umenigusa. Nafundisha darasa la nne hisabati, wako sitini na wawili. Kweli naweza kumwona mmoja mmoja?

*Jibu:* Marahaba mwalimu. Unaweza, na kwangu hii ndiyo sababu kubwa ya kuitumia. Ingia kwa akaunti ya mwalimu, fungua ripoti za darasa. Utaona zoezi, majina, nani amemaliza na nani amekwama. Bonyeza jina, utaona kila jaribio na jibu aliloandika.

Nikupe mfano. Nina binti mmoja, kimya sana, hanyooshi mkono. Kwenye 42 − 17 aliandika 35. Nikatazama swali lililofuata, 63 − 28, ameandika 45. Hakuwa anabahatisha. Kila safu alikuwa anatoa ndogo kwenye kubwa, haidhuru ipi iko juu: 7 toa 2, 8 toa 3. Kwenye daftari ningeweka kosa jekundu nikapita. Nilikaa naye na vijiti, mafungu manne ya kumi na vijiti viwili, nikamwambia anipe kumi na saba. Vijiti viwili havikumtosha, akafungua fungu mwenyewe. Baada ya hapo alipata 25.

Kwa sitini na wawili usijaribu kuwasoma wote kila siku. Chagua zoezi moja, angalia waliokwama, wakusanye watano watano. Na utengeneze somo lako ndani ya Kolibri ukipanga video na mazoezi kwa mfuatano wa mada zako, maana Khan Academy haifuati mtaala wetu.

Ticha Neema: Asante sana. Vishikwambi tulivyopewa walimu baada ya Sensa ya 2022 vinafaa?

*Jibu:* Vinafaa, ni Android yenye kivinjari. Data tu ndiyo uzime.

Mama Watatu: Wangu ana miaka minne, hajui kusoma. Hiyo Kolibri si kubwa kwake?

*Jibu:* Ni kubwa kwake, dada. Mwekee GCompris, programu ya michezo ya kujifunzia, ya bure pia, imelenga miaka 2 hadi 10. Jina limetokana na Kifaransa, maana yake "nimeelewa". Anza na michezo ya kusogeza na kubofya kipanya, herufi zitafuata. Ifungue kwanza ukiwa na intaneti, maana sauti za lugha huwa zinaletwa kutoka mtandaoni. Nyingine ni Tux Paint ya kuchora. Ina programu yake ya mipangilio ambayo inakuruhusu kuficha kitufe cha kutoka.

Fundi Juma: Nataka kuhamishia masomo shule ya jirani bila kupakua upya. Ninakili folda?

*Jibu:* Usinakili kwa mkono. Kwenye sehemu ya chaneli kuna kuhamishia kwenye diski au fleshi, acha Kolibri yenyewe ifanye. Kule watachagua kuingiza kutoka kwenye diski iliyochomekwa.

Fundi Juma: Sawa. Kwetu umeme unakatika. Kompyuta ina betri, rauta inazima.

*Jibu:* Geuza rauta usome kibandiko chini. Nyingi ni volti 9 au 12, na pawabenki ya kawaida inatoa 5. Kuna waya wa kupandisha volti, upande mmoja USB na mwingine pini ya rauta.

Fundi Juma: Yangu imeandikwa 12V 1A.

*Jibu:* Nunua waya wa 12 basi, na pawabenki yenye tundu la ampea 3 au zaidi, halafu hesabu uwezo wake, maana volti ikipanda pawabenki inaisha haraka. Ujaribu kipindi kizima bila umeme kabla hujawaleta watoto.