Jinsi ya kuitafuta picha ya gazeti ya zamani ya ufunguzi wa benki hapa Dar, na kuipiga kopi ionekane vizuri

Kwetu kuna stori inarudiwa kila msiba na kila harusi, kwamba baba mdogo alitoka gazetini siku lilipofunguliwa tawi la benki alilokuwa keshia, kasimama nyuma ya mgeni rasmi anayekata utepe. Gazeti lenyewe hakuna aliyenalo, na mwaka kila mtu ana wake. Basi nikajitosa mimi. Kama na wewe una picha ya hivyo unaitafuta, usianze kama nilivyoanza, maana nilipoteza siku mbili bure.

Kosa langu la kwanza: niliomba niletewe Daily News ya 1969. Dada wa kaunta akanitazama tu. Daily News imeanza 1972, baada ya The Standard (ile Tanganyika Standard iliyoanza 1930) kuunganishwa na The Nationalist, gazeti la TANU. Kwa hiyo pata miaka kwanza ndo ujue uombe gazeti gani. Kama tukio ni la kabla ya 1972 uliza hayo mawili, na kwa Kiswahili uliza Uhuru na Ngurumo, na usidharau ya Kiswahili kisa picha zake zina giza, mara nyingi wafanyakazi wa kawaida utawakuta wametajwa humo wakati la Kiingereza limemtaja waziri na meneja basi.

Majina ya benki nayo yanachanganya. Februari 1967, siku moja tu baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, mabenki ya watu binafsi yakataifishwa, ndo ikaja NBC. Ukiona kibao cha National and Grindlays kwenye picha ujue ni kabla ya hapo. NMB imezaliwa 1997 NBC ilipogawanywa na ikarithi matawi mengi ya zamani, so bibi akikwambia NMB ya mtaani kwao ilifunguliwa 75 usibishane naye, wewe kichwani andika NBC halafu endelea. CRDB kwa jina hilo ni kuanzia 1984.

Na mitaa hivyohivyo. Samora Avenue zamani ilikuwa Independence Avenue, Sokoine Drive ilikuwa City Drive, kwa hiyo ukitafuta habari kwa jina la leo utaipita ukiwa unaiangalia.

Magazeti yako wapi? Maktaba Kuu ya Taifa pale Bibi Titi, maktaba ya Chuo Kikuu Mlimani kitengo cha East Africana, na Nyaraka za Taifa kule Upanga. Picha yenyewe, siyo gazeti, jaribu Idara ya Habari Maelezo, hao wapiga picha wao walikuwa wanafuata viongozi kila mahali. Nenda asubuhi, beba kitambulisho, beba penseli (kalamu ya wino sehemu nyingine hawataki kuiona karibu na nyaraka), na ulizia utaratibu na ada kabla hujatoa simu mfukoni.

Sasa kupekua. Magazeti yamejalidiwa kwa mwezi au miezi kadhaa, mazito, vumbi kama lote. Usilambe kidole kufungua ukurasa, karatasi ya gazeti ikizeeka inakauka inakuwa kama chapati ya jana, inakatika kwenye kunjo. Angalia gazeti la kesho yake na la keshokutwa yake, siyo la siku ya tukio. Na kitu ambacho mimi kilinisaidia sana ni matangazo: siku chache kabla ya ufunguzi benki ilikuwa inatangaza, na siku ya ufunguzi aliyejenga na aliyeweka umeme wananunua nafasi ya pongezi. Mimi tangazo la fundi ndo lililonipa tarehe, wala siyo habari yenyewe.

Kama una kipande tu kilichokatwa, hakina tarehe, soma ukuta. Picha ya Rais pale juu ya kaunta ni nani? Nyerere ni mpaka Novemba 1985, Mwinyi mpaka Novemba 1995, halafu Mkapa mpaka Desemba 2005. Kuna bendera ya CCM? Basi ni baada ya 5 Februari 1977. Mgeni rasmi naye anasaidia ila usimtegemee peke yake, mfano Amir Jamal alikuwa Waziri wa Fedha mpaka 1972 halafu akarudi tena 1975 mpaka 1977. Maelezo ya picha yakisema "Ndugu" fulani badala ya "Mheshimiwa" unakuwa na harufu ya enzi gani. Na geuza kipande! Nyuma kunaweza kuwa na ratiba ya sinema au matokeo ya mpira, hayo yana tarehe kuliko mbele.

Kupiga kopi, hapa ndo watu wengi wanaharibu. Piga ukurasa MZIMA kwanza, juu kabisa kwenye jina la gazeti na tarehe, ndo usogee kwenye picha, halafu maelezo ya picha peke yake. Zima flashi. Kaa karibu na dirisha, simu ilale sambamba na ukurasa. Maandishi ya upande wa pili yakiwa yanaonekana (na yataonekana, karatasi ni nyembamba) chomeka karatasi nyeusi nyuma ya ukurasa. Nyeusi, siyo nyeupe. Mimi nilikuwa naona bei za mabati usoni kwa mgeni rasmi, nikachomeka jalada jeusi la daftari, uso ukatulia palepale.

Ukiwa na kipande chako nyumbani, skani kwa dpi 600 (hiyo dpi ni kipimo cha ukali wa skani). Picha ya gazeti ni nukta nukta, ukiskani chini ya hapo zinatoa mawimbi kama kitambaa cha chandarua, na ukitaka kuzilainisha lainisha kwenye kopi, faili la kwanza liache kama lilivyo. Nilipeleka kingine stationery moja wakaniwekea laminesheni bila kuniuliza, kimeshapindapinda na hakitoki tena. Selotepu pia hapana.

Mwisho printi kubwa, A3, usiwaonyeshe wazee kwenye simu, hawaoni na wataitikia tu kukuridhisha. Weka namba kwenye kila kichwa, mpe kila mzee karatasi yake aandikiwe majina bila kusikia ya mwenzake. Kwetu namba 4 wote watatu wamesema ni baba mdogo, shangazi kamjua kwa mkono mfukoni kabla hata ya kuangalia sura. Namba 7, anayecheka pembeni ya kasha la fedha, wamenipa majina matatu tofauti na wawili mpaka leo hawasalimiani vizuri.